Benki Zatafuta Mafundi Lilongwe, Mafundi Wako Dzaleka



Askari wa leo hapangi tena foleni mbele ya meza ya mhasibu wa kikosi mwisho wa mwezi, akihesabiwa noti huku karani akitia alama katika daftari. Siku hizo zimepita. Mshahara unaingia benki, kutoka benki unaingia katika simu, na kutoka katika simu unamfikia mama mzee aliyeko kijijini kabla askari mwenyewe hajabadilishwa zamu. Katika safari yote hiyo fedha haikushikwa na mkono wa mtu. Imepita katika mitambo ya kompyuta, na mitambo hiyo ina watu wanaoijenga, wanaoitunza na wanaoilinda usiku na mchana. Ikisimama kwa siku tatu tu, kikosi kizima kitalala na njaa ilhali fedha zake zipo.

Kwa sababu hiyo swali la nani anaajiriwa na benki kuiangalia mitambo hiyo, na kwa mvuto gani, halikuachwa kwa matajiri wenye hisa peke yao. Linamhusu koplo kama linavyomhusu jenerali.

Yapo mambo mawili yaliyotokea katika dunia ambayo yanafaa kukumbukwa. Mwezi wa Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha hesabu za wateja wake wapatao milioni 5 kutoka katika mitambo ya zamani iliyokuwa ya benki ya Lloyds, ikazipeleka katika mitambo mipya iliyotayarishwa na wenye benki hiyo, yaani Sabadell ya Hispania. Kazi ilifanywa mwisho wa juma. Kulipopambazuka, wateja wapatao milioni 1.9 hawakuweza kuzifikia hesabu zao, na wengine walifungua hesabu zao wakaona fedha za watu wasiowajua. Mkurugenzi mkuu aliacha kazi mwezi wa Septemba mwaka huo huo. Desemba 2022 benki ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65, na mwaka 2023 aliyekuwa mkuu wa mitambo akatozwa faini yeye binafsi, zaidi ya pauni 81,000. Hapakuwa na mwizi katika kisa hicho. Palikuwa na mitambo isiyopimwa ya kutosha, na wakubwa walioahidi tarehe kabla ya mafundi kusema kwamba wako tayari.

Kisa cha pili kilikuwa na mwizi. Mwezi wa Februari 2016 wezi walijipenyeza katika kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh, wakatuma New York maagizo ya kulipa fedha kana kwamba wao ndio benki yenyewe. Walijaribu kuchukua karibu dola bilioni moja. Dola milioni 81 zikafika Manila na kutawanyika. Dalili ya kwanza ilikuwa ndogo sana. Mashine iliyokuwa ikichapa taarifa za malipo kila siku ilinyamaza, na wafanyakazi wakadhani imeharibika kama mashine nyingine zinavyoharibika. Askari yeyote aliyewahi kulinda ghala usiku anajua maana ya mbwa anayebweka kila siku akinyamaza ghafula. Mlinzi mwenye uzoefu hujiuliza kwa nini. Mlinzi mgeni hushukuru kwamba usiku huu amepata kimya.

Uzoefu wa namna hiyo ndio benki zinaoutafuta, na ni vigumu kuununua.

Zamani benki ilikuwa jumba la makarani. Karani aliingia akiwa kijana, akafundishwa leja, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, na akistaafu alikuwa amekaa mahali pamoja miaka thelathini. Kompyuta zilipoingia, wakubwa wa benki nyingi walizichukulia kama walivyochukulia jenereta au lifti, yaani kitu cha kununua kutoka kampuni ya nje na kumwita fundi kinapoharibika. Mtu wa kompyuta alikaa chumba cha chini, hakualikwa katika mikutano mikubwa, na akitaka kupandishwa cheo ilimbidi aiache kazi anayoijua ili awe meneja wa watu. Jambo hili si geni vikosini. Fundi hodari wa mitambo ya mawasiliano akivikwa cheo kikubwa na kuwekwa nyuma ya meza ya mafaili, jeshi hupata karani wa wastani na kumpoteza fundi bora.

Afrika ya Mashariki iliamshwa na simu. Mwezi wa Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya, na katika muda mfupi watu waliokuwa hawajapata kukanyaga benki wakawa wanatumiana fedha kwa kubonyeza vidole. Benki zilipiga kelele kwanza. Halafu zikaona kwamba kelele hazirudishi wateja. Mwaka 2012 benki ya CBA iliungana na Safaricom kuleta M-Shwari, mahali pa kuweka akiba na kukopa kwa simu. Benki ya Equity, iliyoanza mwaka 1984 kama chama cha kujengea nyumba, ikafika mbali zaidi hata kuanzisha huduma yake yenyewe ya simu. Malawi nayo ilipata Airtel Money mwaka 2012 na Mpamba ya TNM mwaka 2013. Tangu hapo kila benki kongwe imejua kwamba mshindani wake hayuko tena jengo la pili, bali ni kampuni ya simu, na kwamba vita hivyo haviwezi kupiganwa na makarani peke yao.

Basi msako ukaanza. Na katika kila nchi benki zilianza kwa njia ile ile iliyo rahisi kuliko zote, nayo ni kunyang'anyana. Benki hii inamnyang'anya mtu benki ile kwa kumwongezea mshahara. Mwaka unaofuata kampuni ya simu inamnyang'anya mtu huyo huyo kwa kumwongezea tena. Mtu mmoja ametajirika, na nchi haikuongeza hata fundi mmoja. Yafaa kusema waziwazi kwamba huu ni mchezo wa kuzungusha viti. Hata matangazo yao ya kazi huchekesha. Yapo yanayodai mwombaji awe na uzoefu wa miaka kumi katika chombo ambacho hakijatimiza miaka mitano tangu kitengenezwe, na awe na shahada mbili, na awe kijana!

Na mnyang'anyi mkubwa akija, wadogo wote huambulia patupu. Nairobi iliona hivyo. Mwaka 2019 Microsoft ilifungua huko kituo cha wahandisi wake, na mwaka 2022 Google ikatangaza kituo chake. Makampuni ya nyumbani yaliyokuwa yamewalea vijana tangu wakiwa wanafunzi yaliwaona wakiondoka, nayo hayakuwa na uwezo wa kulipa mishahara ya Marekani.

Lakini upepo hugeuka. Mwishoni mwa 2022 Meta iliwaondoa kazini watu 11,000. Januari 2023 Google ikatangaza kuwaondoa 12,000 na Amazon 18,000. Watu waliozoea kuitwa mabwana wa dunia wakajikuta wakitafuta kazi. Ndipo benki kongwe za Ulaya na Marekani zilipojitokeza na neno ambalo miaka kumi nyuma lilikuwa likichekwa, yaani utulivu. Mshahara wa benki haukuwa mkubwa kuliko wa makampuni yale, lakini benki ilikuwepo jana, na yamkini itakuwepo kesho, na ina pensheni. JPMorgan ya New York ina wataalamu wa kompyuta zaidi ya 60,000, idadi ambayo ni ya jeshi kamili, na mwaka 2024 ilitenga takriban dola bilioni 17 kwa ajili ya teknolojia peke yake.

Mfano unaofaa zaidi kwa nchi changa hauko New York. Uko Singapore. Benki ya DBS mwaka 2009 ilikuwa imewaachia makampuni ya nje takriban asilimia 85 ya kazi zake za kompyuta. Wakubwa wake waliona kwamba mtu asiyejua kuendesha gari lake mwenyewe hana budi kwenda anakotaka dereva. Katika muda wa miaka minane hivi wakaigeuza hesabu hiyo juu chini, kazi zikafanywa na watu wao wenyewe kwa kiasi kile kile cha asilimia 85. Walifungua kituo Hyderabad nchini India, nao hawakuchagua watu kwa barua nzuri za maombi. Waliwakusanya waombaji, wakawapa tatizo la kweli, wakawatazama wakilitatua. Ndivyo anavyochaguliwa mpiga shabaha. Haulizwi amesoma vitabu vingapi vya bunduki.

Kutokana na mifano hiyo inaonekana wazi kwamba fedha humleta mtaalamu mlangoni, lakini haimweki ndani. Mtu mwenye miaka kumi na mitano ya kazi huuliza maswali mengine. Je, atapewa kazi yenyewe, au atapewa kuwasimamia wageni waliouza mitambo? Akisema kwamba jambo fulani ni hatari, neno lake litasikilizwa, au litapita vikao sita na kurudi limebadilishwa? Anaweza kupanda cheo akibaki fundi? Lipo pia swali la tai shingoni, ambalo wazee wa benki hulidharau, walakini limewapotezea watu wengi kuliko wanavyokubali.

Lilongwe sasa. Mji huu ulifanywa makao makuu ya Malawi mwaka 1975, na Benki Kuu ya nchi hiyo ina makao yake hapo. Benki kongwe zipo: National Bank of Malawi iliyoundwa mwaka 1971, Standard Bank, na NBS ambayo ilianza mwaka 1964 kama chama cha nyumba. Ziko na nyingine. Vijana wanatoka Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichofunguliwa Thyolo mwaka 2014, na wengine Blantyre na Zomba. Mjini Lilongwe kuna mHub, kituo cha vijana wa kompyuta kilichoanza mwaka 2013. Watu hawakosekani kabisa. Wanaokosekana ni wale waliokwisha kuiva, na sababu yake inaonekana katika sarafu. Mwezi wa Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kutoka 1,180 hadi 1,700 kwa dola moja. Mtaalamu aliyelala Jumatano akiwa na mshahara mzuri aliamka Alhamisi akiwa na mshahara mdogo, bila ya mtu kugusa barua yake ya ajira. Jirani yake anayefanya kazi hiyo hiyo kwa njia ya intaneti, akilipwa dola na kampuni ya ng'ambo, aliamka tajiri. Benki ya Lilongwe itamshikaje mtu wa namna hiyo?

Silaha moja zinayo, na zinaitumia. Ni mkopo wa mfanyakazi. Mwezi wa Februari 2024 Benki Kuu ya Malawi iliipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 26, na mtu wa kawaida anayekopa benki hulipa zaidi ya hapo. Mfanyakazi wa benki hukopa kwa riba nafuu akajenga nyumba na kununua gari. Ni mvuto mkubwa, na pia ni pingu, kwa maana siku akiacha kazi mkopo hurudi katika bei ya sokoni. Wengi hukaa kwa sababu hiyo. Lakini mtu anayekaa kwa sababu ya deni na mtu anayekaa kwa sababu anaipenda kazi si walinzi wa namna moja.

Sasa kutoka Lilongwe, ukishika barabara ya kaskazini ukapita Kanengo, kiasi cha kilomita arobaini na kitu, wilayani Dowa, unafika Dzaleka. Mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa siasa wakati wa utawala wa Dk. Hastings Kamuzu Banda, na jina lake liliogopwa. Mwaka 1994 pakageuzwa kuwa kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo wapo zaidi ya 50,000. Wengi ni Wakongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda, na lugha inayowaunganisha sokoni, makanisani na misikitini ni Kiswahili. Askari wa Kigoma au wa Bujumbura akitembezwa humo asingehitaji mkalimani.

Wasioijua kambi hudhani ni mahema na foleni za chakula. Foleni zipo, na njaa ipo. Lakini yapo na mambo mengine. Tangu mwaka 2010, kwa juhudi za Wajesuiti na kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani, wakimbizi wa Dzaleka wamekuwa wakisomea diploma kwa njia ya intaneti. Mkimbizi mmoja kutoka Burundi, Remy Gakwaya, alianzisha humo TakenoLab, mahali pa kuwafundisha wenzake kuandika programu za kompyuta, na Microsoft ikaja kuunga mkono mafunzo hayo. Vijana walioingia kambini wakiwa watoto wamejifunza kujenga programu za simu chini ya paa la mabati, wakingojea umeme urudi ili waendelee pale walipoishia.

Asije mtu akadhani kwamba Dzaleka imejaa wahandisi. Haikujaa. Kijana aliyemaliza mafunzo ya miezi kadhaa hawezi kukabidhiwa mitambo mikuu ya benki, kama kuruta aliyemaliza gwaride hawezi kukabidhiwa kombania. Anahitaji miaka mitano chini ya mtu mzima wa kazi, akosee mambo madogo na kurekebishwa, aamshwe usiku mtambo unapolala, aone kwa macho yake jinsi hesabu zinavyopotea na zinavyopatikana. Uzoefu ndio huo, wala haupatikani darasani. Na mkimbizi wa Dzaleka hawezi kuupata, si kwa sababu ya akili wala ya bidii, ila kwa sababu ya karatasi.

Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwezi wa Desemba 1987. Wakati huo watu wa Msumbiji walikuwa wakivuka mpaka kwa maelfu wakikimbia vita, na katika miaka michache walifika milioni moja, katika nchi ndogo isiyo na ardhi ya ziada wala kazi za ziada. Serikali ikaingia mkataba huo kwa kuweka kando vifungu kadhaa. Miongoni mwake ni kile cha 17 kinachohusu kazi ya mshahara, na cha 26 kinachohusu uhuru wa kwenda mahali. Vingine ikasema itavichukua kama mapendekezo tu. Hakuna haja ya kuilaumu Malawi kwa uamuzi wa mwaka ule. Nchi iliyoelemewa namna hiyo ilikuwa na haki ya kujihadhari, na hata hivyo iliwapokea watu. Lakini wale wa Msumbiji walikwisha kurudi kwao baada ya amani ya 1992. Vifungu vilivyowekwa kando kwa ajili yao vimebaki, na leo vinamfunga Mkongo aliyezaliwa baada yao.

Mwezi wa Machi 2023 serikali ya Malawi iliwaagiza wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka kabla ya tarehe 15 Aprili. Mwezi wa Mei vyombo vya usalama viliingia katika mitaa ya Lilongwe kuwakusanya. Maduka yalifungwa, watu wakapakiwa katika magari, wakiwamo watoto. Amri ni amri, na askari aliyepewa zamu siku ile hakuwa yeye aliyeitunga. Hata hivyo inafaa afahamu kwamba miongoni mwa waliokuwa wakipandishwa garini walikuwemo wafanya biashara walioajiri Wamalawi, na mafundi ambao watu wa mitaa ile walizoea kuwapelekea simu na kompyuta zao.

Husemwa kwamba hatari iko wazi, kwa maana benki haiwezi kumpa mgeni asiyejulikana ufunguo wa ghala. Hoja hii ina uzito, na hasa mbele ya polisi ambao kazi yao ni kushuku. Lakini neno "asiyejulikana" linapaswa kutazamwa vizuri. Mwaka 2013 Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilipotaka kujaribu mtambo wake mpya wa kuwatambua watu, lilichagua Dzaleka. Wakimbizi wakachukuliwa alama za vidole vyote kumi na picha za mboni za macho yote mawili. Ni raia wangapi wa mji wowote wa Afrika, pamoja na hao wakurugenzi wa benki, wanaojulikana na dola kwa kiasi hicho?

Tena mwaka ule ule wa 2013, ndani ya Lilongwe, fedha za serikali ziliibwa kwa kutumia mtambo wa kompyuta wa hesabu za taifa. Malipo yalifanywa kwa makampuni ambayo hayakufanya kazi yoyote, hundi zikalipwa katika mabenki, kisha kumbukumbu za malipo hayo zikafutwa katika mtambo. Kwacha bilioni 13 na zaidi zilikwenda katika muda wa miezi sita tu. Kisa hicho Wamalawi wanakiita Cashgate. Noti zilikutwa katika buti la gari, na mkuu wa bajeti ya serikali akapigwa risasi mbele ya nyumba yake, akanusurika. Waliopelekwa mahakamani walikuwa watumishi wa serikali na wafanya biashara, wenye vitambulisho vizuri na nywila halali. Wizi ule haukutoka kambini. Ulitoka ofisini, kwa mtu aliyeaminiwa bila ya kuangaliwa. Benki iliyopanga kazi zake vizuri haimpi mtu mmoja ufunguo wote, awe mkimbizi au mwana wa chifu. Anayeandika agizo siye anayelipitisha, na anayelipitisha siye anayelikagua. Askari wa ghala la silaha wanaijua kanuni hiyo bila ya kufundishwa na benki.

Zipo nchi jirani zilizokwisha kujaribu njia nyingine. Uganda kwa sheria ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea. Kenya ilipitisha sheria mpya mwaka 2021 inayofungua mlango wa ajira, ingawa vibali bado vinakwenda polepole. Tanzania, ambayo imewahifadhi watu Nyarugusu tangu 1996, bado inafuata njia ya kambi, na kwa hiyo mazungumzo haya hayaihusu Malawi peke yake.

Benki za Lilongwe zingeweza kuanza na jambo dogo. Tuseme benki moja ikachagua vijana kumi kwa mtihani wa kazi kama ule wa Hyderabad, Wamalawi saba na wakimbizi watatu wenye kibali, ikawaweka chini ya wahandisi wake wawili waliokomaa, wakaanzia katika kazi ya kupima mitambo isiyogusa fedha za mtu. Baada ya miaka mitano ingekuwa na watu wake. Gharama yake ni ndogo kuliko kumleta mtaalamu mmoja kutoka ng'ambo, na kumlipia nyumba, shule za watoto na tikiti za ndege. Mtu huyo naye, kwa kawaida, huondoka mkataba ukiisha, na yale aliyoyajua huondoka naye.

Jambo hilo lisingewadhuru vijana wa Malawi, ambao wana haki ya kwanza katika nchi yao. Mafundi hawali sahani moja. Panapokuwa na watano hodari, kazi ya kumi huja kuwatafuta. Panapokuwa na mmoja, hata kazi yake hupelekwa Johannesburg.

Kwa upande wa fedha, benki zimekwisha kuiona njia ya Dzaleka. Mwaka 2018 benki ya MyBucks ilifungua tawi ndani ya kambi, likapokea akiba za wakimbizi na kuwapa mikopo ya biashara. Siku zile magazeti yalishangaa kwamba benki inaweza kuwaamini wakimbizi na fedha. Wafanya biashara wa kambi hawakushangaa. Walikuwa wamekopeshana wao kwa wao kwa miaka mingi, na wanajua nani hulipa.

Kuhusu sheria, kazi si kubwa kama inavyodhaniwa. Mkataba wa 1951 wenyewe, katika kifungu chake cha 42, unasema kwamba nchi iliyoweka kando kifungu chochote inaweza kukirudisha wakati wowote. Halihitajiwi azimio la mataifa wala mkutano wa Geneva. Inatakiwa barua kutoka Lilongwe kwenda kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.